Robine Kwenye Tundu la Risasi

Frigo ya dada yangu Apolline ilipigwa risasi mchana kweupe, mbele ya watu, kwa hukumu ya komanda. Ninaandika hivyo wazi kwa sababu siku hizi hapa Kindu kuna watu wanaosema kwamba vita haikuwa mbaya kiasi hicho, na ukiwauliza walikuwa wapi wanakujibu walikuwa Kinshasa wanasoma. Mimi sikusoma. Nilikuwa hapa, uani kwa dada yangu, mikono juu ya kichwa, nikitazama frigo ikihukumiwa bila wakili.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa kama chupa. Treni haikuja kutoka kusini, boti haikupanda kutoka Ubundu, chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Apolline alikuwa na nganda yake ndogo, baa ya uani, katika komini ya Kasuku, meza chache na viti visivyolingana, na ndani alikuwa na frigo nyeupe ya marehemu mume wake. Umeme ulikuwa umekatika tangu zamani. Frigo ikageuka kabati: alitia humo vikombe, vitenge vya Jumapili, na kinu kidogo cha kutwangia sombe, majani ya muhogo.

Basi akaja Komanda Nestor. Huyo alifika Kindu na viatu vya mtu mwingine, akakuta dada yangu anauza malofu, ile pombe ya mchikichi, kutoka kwenye bidoni ya plastiki iliyowekwa chini kivulini. Akasema mtu wa cheo chake hanywi kitu cha chini.

"Itoke kwenye frigo!"

"Komanda, frigo haina umeme."

"Nimesema itoke kwenye frigo!"

Kuanzia siku hiyo malofu iliingia kwenye frigo ikiwa moto na kutoka ikiwa moto zaidi. Komanda aliweka kikombe shavuni, akafumba macho, akasema, "Aaa, iko baridi." Na askari wake nyuma, jasho likiwatiririka mpaka kwenye mikanda, "Iko baridi sana, komanda!" Ukitaka kujua jinsi nchi hii inavyotawaliwa, usihangaike kununua vitabu. Ni kikombe hicho tu.

Sasa, kuna desturi yetu ambayo kila mtu hapa aliipata kabla ya meno. Aliyemimina ndiye anayeonja. Mgema akishuka na kibuyu, yeye kwanza, wewe baadaye. Chupa ya bia hufunguliwa mbele ya macho yako, uisikie ikipumua. Hakuna anayekasirika. Ni adabu, kama kubisha hodi: tone moja, umeonyesha kwamba huna ubaya na mtu, mambo yanaendelea. Lakini mpe mtu mbaya desturi nzuri, ataigeuza fimbo. Komanda Nestor hakutaka tone. Alitaka nusu ya kikombe, na si kikombe cha kwanza peke yake. Kila kikombe.

"Onja kwanza, mama."

Dada yangu alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Pombe aliiuza, hakuinywa. Lakini jua likigeuka tu, ungemkuta anawaimbia mbuzi Gloria, tena kwa Kilatini, na mbuzi wanamtazama kwa heshima kuliko askari.

Halafu ikafika siku ya tumbo. Asubuhi ile Komanda alikuwa amejitwalia katoni ya maziwa ya watoto wachanga kutoka kwenye dipo ya dawa. Mikebe ilikuwa imevimba kama vyura. Niliiona kwa macho yangu. Aliketi barazani akayala maziwa yale kwa kijiko, mkebe baada ya mkebe, hakumpa hata mlinzi wake. Mchana akaja kwa Apolline, akaagiza, akamwonjesha nusu kikombe kama kawaida, naye akanywa nusu yake. Mara akasimama. Akaketi. Akasimama tena, uso umebadilika rangi, akatoka mbio kuelekea choo nyuma ya migomba.

Hakufika.

Mwanamume mwenye bastola ambaye hakufika choo, mbele ya askari wake na wanunuzi wa malofu, lazima apate mkosaji haraka.

"Sumu! Huyu mwanamuke amenitilia sumu!"

Askari mmoja, mjinga au shujaa, sijui, akasema, "Lakini komanda, hata yeye amekunywa. Kikombe ni kimoja."

Komanda akafikiri. Tulimwona akifikiri, ilikuwa kazi ngumu kwake.

"Basi iko ndani ya frigo!"

Akachomoa bastola, akaipiga frigo mlangoni, usawa wa kifua, kama inavyopigwa mtu. Risasi ikapita mlango ikakwama ndani ya kinu cha sombe. Na kwa kuwa frigo haifungwi kasho, kile chumba chao cha mahabusu, wakamfunga dada yangu. Walimwachia Jumapili, padri alipokataa kuanza misa bila sauti ya kwanza. Nilikwenda kumpokea mlangoni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliniambia jambo moja tu, na hakulirudia tena: "Anaclet, kinywa changu si chujio. Sitamwonjea muntu tena mpaka siku wananizika."

Vita ikaisha, au tuliambiwa imeisha. Risasi ilikwama kwenye kinu, lakini lile neno lilipita. Sumu. Hakuna aliyemshitaki, hakuna aliyemtukana, tena walimsalimu vizuri sana, hiyo salamu ndefu inayokagua. Waliendelea kunywa kwake kwa sababu viti vilikuwa vya kivulini na bei haikuwa mbaya. Lakini ilikuwa bia ya chupa tu, imefungwa, na kila mtu aliifungua mwenyewe kwa meno au kwa pete ya ndoa. Elodie, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisoma naye katekisimu, alikuja na glasi yake imefungwa kwenye leso. Kwenye msiba, Apolline akibeba sufuria, wanawake waliipokea mikononi mwake: "Pumzika mama, umechoka." Halafu chakula kikaenda nyuma ya jiko, kwa kuku. Kuku wa Kasuku walinenepa kwa jina baya la dada yangu, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Lakini nani anawasikiliza kuku?

Lile tundu la mlangoni alilifunika kwa kalenda ya parokia. Kila Januari, kalenda mpya. Na Nestor? Nestor alivua magwanda, akavaa koti, akawa mbunge, Onorabule Nestor. Akaanza kuzindua vitu. Alizindua choo cha soko. Alizindua bomba la maji lililotoa maji siku ya uzinduzi. Penye utepe wa kukata, yeye alikuwa na mkasi mfukoni.

Miaka ikaenda hivyo mpaka mwaka huu, alipokuja Kambale. Kambale ni mtu wa Butembo, ana duka la mabati na lori, na kichwa chake hakilali. Siku moja akaingia uani akisukuma pipa la chuma, fupi, nene, lenye kichwa cha shaba. Lilikuja kwa ndege ya mizigo kutoka Goma, limekaa kati ya vitunguu na maharagwe.

"Mama Apolline, hii njo bia ya pipa. Haina chupa. Unatia pipa ndani ya frigo, unatoboa mlango, unaweka robine, ule mfereji mdogo, unavuta, inatoka baridi na povu juu. Goma wanagombania."

Apolline akalipapasa lile pipa kichwa chake cha shaba.

"Kwa hiyo haina kifuniko cha kufungua."

"Hakuna."

"Atamimina nani?"

"Ni weye, mama. Nani mwingine?"

"Kwa mukono wangu?"

"Kwa mukono wako."

Nikaona mashavu ya dada yangu yanabadilika, nikaelewa, nikaogopa. Kambale aliona biashara. Dada yangu aliona mtu ananyoosha kikombe na yeye anakijaza.

"Yaya," nikamwambia dada yangu, Kambale alipoondoka, "katika mji mzima huu, umechagua kuuza bia isiyofunguliwa mbele ya macho. Weye. Hawatakunywa. Watataka uonje."

"Sitaonja."

"Basi hawatakunywa."

"Watakunywa," akasema, akaanza kutoa vitenge kwenye frigo.

Tukamwita Twaibu, fundi wa frigo, mtu wa msikiti na mwenye kelele kuliko mashine anazotengeneza. Aliifungua frigo, akaisikiliza, akaigonga, akatangaza kwamba bila yeye Kindu nzima ingekula samaki waliooza. Akatoa rafu zote, akaweka ubao chini ili pipa lisizamishe sakafu, akaiunganisha na umeme wa jua wa Kambale. Frigo ikatetemeka, ikakohoa, ikaanza kuunguruma. Mimi nilikuwa nimeshasoma mambo ya frigo kwenye karatasi moja ya Kifaransa, nikashika keekee nikaweka kwenye ubavu.

"We mwanasiasa! Acha!" Twaibu akaninyang'anya. "Ubavuni mwake mishipa ya gesi inapita. Ukitoboa hapo umeiua, itapumua mara moja tu na kwenda zake. Frigo inatobolewa mlangoni. Mlangoni hakuna mshipa." Akang'oa kalenda ya parokia ili apime. Akanyamaza. Twaibu akinyamaza ujue kuna jambo.

"Nani alitoboa hapa?"

"Onorabule Nestor," dada yangu akasema.

"Mashallah. Pamoja na bastola yake amepiga mahali penyewe kabisa. Katikati, usawa wa mukono. Hata miye nisingepima vizuri zaidi."

Akalipanua tundu kwa tupa, taratibu, akapitisha bomba fupi la shaba, akakaza robine kwa nje. Ndani akaunganisha tiyo, ule mpira mwembamba, mpaka kwenye kichwa cha pipa, na pembeni akasimamisha chupa ya gesi, ile wanayotumia kutia limonadi mapovu. Mara ya kwanza povu likatoka kama mbwa aliyefungiwa, likamwosha Kambale koti lake la kanisani. Twaibu akasema pipa lilikuwa bado moto na mpira ulikuwa mfupi, akaongeza mpira mrefu, akauzungusha ndani kama nyoka aliyelala, akaamuru tusiguse mpaka kesho. Kesho yake ikatoka safi, rangi ya asali, povu nene kidole kimoja.

"Onja basi, fundi," Kambale akasema.

"Astaghafiru! Kazi yangu ni kutengeneza barabara, anayepita ni shauri lake. Onja weye."

"Miye ni Mubatisti."

Wote wawili wakamgeukia Apolline. Apolline akageukia ukuta. Basi hiyo ndiyo mashine iliyotengenezwa Kasuku: robine ya bia ya watu watatu wasioonja bia. Nilikunywa mimi. Ilikuwa nzuri mpaka nikakasirika, nikikumbuka miaka yote tuliyokunywa moto.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani. Habari ilikuwa imefika Alunguli, watu wamevuka mto kwa pirogi kuja kuona frigo inayokojoa bia. Apolline alivaa kitenge cha kwaya, akasimama kando ya robine na glasi tupu mkononi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja jina lake liitwe.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Mzuri sana huo mutambo," mmoja akasema kutoka nyuma. "Mzuri wa kutazama."

"Fundi anywe kwanza!"

"Fundi ni mutu wa msikiti."

"Aha! Hata aliyeitengeneza hataki!"

"Nitakunywa miye!" nikapaza sauti. "Jana nimekunywa, na niko hapa ninawasemesha!"

"Anaclet, weye hauhesabiwi," Elodie akanijibu. "Weye hata sumu inakuogopa, itabishana na nani humo ndani?"

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na lile neno katikati yake, limetamkwa hadharani kwa mara ya kwanza tangu vita. Sumu. Elodie mwenyewe alilisikia likimtoka, akashika mdomo. Halafu akasema polepole, kwa upole kabisa, na upole ndio uliouma:

"Dada Apolline, si kwa ubaya. Desturi njo desturi. Aliyemimina aonje. Mimina, onja tone tu, na sisi wote tutakunywa."

Tone tu. Ni kweli, lilikuwa tone tu.

"Sionji," dada yangu akasema.

Uani pakapoa kuliko ndani ya frigo. Mwanamume mmoja akakumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Mwanamke akamwita mume wake kwa jina lake lote. Kiti kikavutwa, na kingine. Dakika chache zaidi tungebaki sisi na kuku.

Ndipo gari la jipu likapiga honi getini. Onorabule Nestor. Nani alimwita? Hakuna. Nzi hapelekewi mwaliko. Aliona watu wengi, akajua kuna kitu cha kuzindua. Alishuka, tumbo mbele, koti la kijivu, akipunga mikono.

"Wananchi wa Kasuku! Nimesikia kuna maendeleo hapa!"

Nikasimama. Hotuba niliyokuwa nayo kwa mtu huyu nimeipika tangu vita: maziwa ya watoto, viatu vya watu, kasho, kila kitu kwa mpangilio. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Apolline akanikanyaga mguu, kisigino chote.

"Onorabule," akasema kwa sauti yake ya kwaya, "tumekungoja weye. Mutambo huu hauwezi kuanza kabla ya weye kuuzindua."

Damu yangu mwenyewe! Niliketi kwa maumivu ya aina mbili. Watu waliokuwa wanaondoka wakarudi, maana bure ni bure, hata ikiwa ya kutazama. Nestor akachangamka. Akatafuta utepe, hakuna. Dada yangu akampa glasi, akamwonyesha robine. Kalenda mpya ya parokia ilikuwa imetobolewa katikati, robine imetokeza kifuani kwa mtakatifu wa mwezi.

"Unavuta hapa tu."

Akavuta. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuvuta robine kwa fahari kama ile. Bia ikashuka, ikapanda, povu likasimama vizuri ukingoni. Watu wakapiga makofi. Akainua glasi juu, akageuka kulia na kushoto kama ana wapiga picha. Kisha ile tabia ya zamani ikamtoka yenyewe, kwa sauti ileile, miaka yote ile haikuibadilisha hata kidogo. Akamnyooshea glasi dada yangu:

"Onja kwanza, mama."

Apolline akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Nani amemimina?" akauliza, akiwageukia watu, si Nestor.

Elodie, Mungu ambariki, alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Onorabule njo amemimina!"

"Ni yeye! Tumeona wote!"

"Aliyemimina aonje!" Twaibu akanguruma kutoka nyuma ya frigo, na ua mzima ukadaka: "Aliyemimina aonje! Aliyemimina aonje!" Hata watu wa Alunguli ambao hawakujua chochote walikuwa wanapiga meza.

Nestor akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye. Akatazama glasi, akatazama robine, na polepole macho yake yakaanza kuitambua ile frigo, kutoka miguuni mpaka juu, kama mtu anayetambua mkwewe wa zamani.

"Frigo hii..."

"Njo ile," dada yangu akasema. "Tundu ni lako, Onorabule. Robine tu njo yetu."

Ungesikia nzi akifikiri. Akikataa, amekataa desturi mbele ya wapigakura wake wote. Akisema ni sumu, ameimimina yeye. Mlinzi wake akamnong'oneza jambo huku akitupa jicho kwenye migomba, na mimi nilijua anamwonyesha njia ya choo. Nestor akainua glasi, akagusisha midomo.

"Nusu," Apolline akasema. "Wakati ule ilikuwa nusu."

Akanywa nusu. Koo lake lilipanda na kushuka, na macho yote yakashuka pamoja nalo mpaka tumboni, yakabaki hapo. Hakuna aliyeondoka. Wakamletea kiti. Akaketi wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Alitaka kuinuka, nilimwona anataka, lakini angeinukaje? Mtu akiinuka wakati kama ule, hata kama anakwenda kwenye jipu yake, Kasuku nzima itasema ameenda migombani. Jasho likamtoka. Kambale alianza kusali taratibu kwa Kinande. Dada yangu alisimama kando ya frigo yake, hakumtazama, alikuwa anawatazama watu.

Tumbo la Onorabule likanguruma. Wanawake wakashikana mikono.

Halafu akabeua. Ilikuwa mbweu ndefu, ya kina, ya mtu mwenye afya njema kabisa, ikasikika mpaka kwenye reli. Akatazama glasi kwa mshangao. Akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Iko baridi," akasema.

Na safari hii ilikuwa kweli.

Kelele iliyofuata ilizima hotuba yangu yote. Viti vikarudi, watu wakasukumana mbele ya robine, Kambale akipanga foleni, Twaibu akielezea mishipa ya gesi kwa kila asiyeuliza. Nestor alimaliza nusu iliyobaki bila kuambiwa. Sikumsamehe, na mtu asije akanisomea vibaya hapa. Maziwa ya watoto bado ninayo kichwani, mkebe kwa mkebe, na siku yake ya kuyajibu itafika. Lakini siku ile haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mkono wa Apolline. Ulikuwa unavuta robine na kujaza, unavuta na kujaza, na hakuna aliyesema onja. Zamu ya Elodie ikafika. Glasi yake ya leso aliisahau mezani, akachukua kikombe cha plastiki cha nyumbani kwa dada yangu. Alikuwa anagombana na mwanamke wa nyuma yake juu ya nani alitangulia kwenye foleni, amegeuza uso kabisa, anapiga kelele, anacheka, na mkono wake ulionyooshwa upande wa robine ulishika kikombe tu.

Dada yangu akakijaza mpaka juu. Elodie akaendelea kugombana, akakipeleka mdomoni, akanywa. Hakutazama ndani.